Pumzi Safi

Mwanamke aliyepiga pasi nguo za watu kwa miaka mingi hujua siri nyingi asizoziomba. Mke wa fundi makochi alikuwa hivyo. Pale dukani kwa dobi alishika shati tu akajua: huyu amerudia pombe, huyu analala kwingine, huyu ameanza kuumwa na hajamwambia mtu. Sigara ndiyo ilikuwa rahisi kuliko zote. Kola unaweza kuiloweka usiku kucha, ukaisugua mpaka vidole vikachubuka, lakini ikiguswa na pasi ya moto harufu inaamka palepale. Ndiyo maana shati jeupe la mumewe alilifua, akalianika, akalinusa, akalifua tena.

Shati lilikuwa la kwendea kliniki. Mguu wa kulia wa fundi ulikuwa umeharibika. Kidole kidogo kiligeuka rangi, kwanza kama kilichobanwa na mlango, halafu kikawa cheusi kabisa. Daktari wa mishipa alimpima, akamwonyesha kwenye kioo cha mashine mahali damu inapokwama, akasema mshipa unazibuliwa na bima ya umma italipa, ila yeye hamgusi mtu anayevuta.

"Kaa bila sigara wiki sita, halafu uje," alisema. "Nikikuzibua leo huku unavuta, utaziba tena, na safari ijayo hatutazungumza habari ya mshipa. Tutazungumza habari ya mguu."

Akamwandikia barua ya kwenda kliniki ya kuacha sigara. Huko bima hiyohiyo hutoa ushauri na plasta za kubandika mkononi, zile zinazomtuliza mtu hamu, bila malipo, kwa wiki kumi na mbili. Plasta hizo zinauzwa pia kwenye maduka ya dawa. Mke wa fundi aliuliza bei mara moja, akashukuru, akatoka, na hakurudi tena.

Basi siku ya Jumatatu, kabla ya kwenda kazini kwake, alipitia karakana. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi lililovuliwa kitambaa, misumari midogo imejaa upande mmoja wa mdomo na sigara iko upande wa pili. Ndivyo alivyofanya kazi tangu ujana. Ulimi unasukuma msumari mmoja mmoja mpaka kwenye midomo, nyundo yenye sumaku inaudaka, pa, umeingia. Wenzake walisema siku moja atavuta msumari na kupigilia sigara.

"Baba Chiriku, kliniki ni Alhamisi," mkewe alisema. "Kuanzia sasa huvuti."

"Si ndiyo tunakwenda kuchukua dawa ya kuacha? Niache kabla ya dawa?"

"Sasa uende mbele za watu unanuka kama jiko? Watasema hatuna nia. Tunakwenda kuomba kitu, tuende na adabu."

Fundi alimtazama kwa jicho la pembe. Kisha akatema misumari yote kiganjani, jambo analolifanya tu akitaka kusema neno la maana.

"Haya," alisema. "Nitajikaza kisabuni."

Akaizima ile iliyokuwa mdomoni kwenye ukingo wa meza. Ilikuwa bado ndefu.

Zile siku zilizofuata hazikuwa mchezo. Fundi aliujaza mdomo misumari pande zote mbili na nusura ameze mmoja. Alikata kitambaa cha mteja kinyume na maua yake, akagombana na sponji, akamfokea mwenye nyumba aliyepita kusalimia tu. Nyumbani alikula amesimama. Mkewe hakusema kitu, maana alijua akifungua mdomo watagombana, na wakigombana atatoka, na akitoka atavuta.

Aliyesema ni binti yao wa miaka tisa. Jina lake la utani lilikuwa Chiriku kwa sababu hakunyamaza tangu alipojua kusema. Huyu alijipa cheo. Kila jioni baba aliposimama mlangoni alimzuia kwa mkono.

"Kola."

Fundi aliinama, akafungua kifungo cha juu, na mtoto akaingiza pua yake shingoni mwake akavuta harufu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Gundi," alisema. "Jasho. Sponji. Safi. Pita."

Na fundi alipita ameinua kichwa, mtu mzima mwenye mvi, kama aliyepandishwa daraja. Mkewe aliliona hilo akaligeuzia mgongo, akaendelea na sufuria zake. Alikuwa ameona matumaini ya mume huyu mara chungu nzima, na safari iliyopita yalifika siku ya nne. Siku ya tano alimkuta amejibanza nyuma ya karakana akivuta kama mwizi.

*

Alhamisi asubuhi walifika kliniki mapema. Shati lilikuwa limenyooka, kola imesimama. Waliketi kwenye benchi refu kwenye ukumbi unaonuka dawa ya sakafu, na pembeni yao akakaa dereva mmoja mstaafu, mzee mwenye kofia ya sufi, ambaye alinuka sigara waziwazi. Mke wa fundi alijisogeza kidogo. Alimtazama mumewe aliyenyooka ndani ya shati lake, na kwa mara ya kwanza tangu kidole kile kiwe cheusi, akajisikia vizuri.

"Mara yangu ya pili hii," dereva aliwaambia bila kuulizwa. "Mwaka juzi nilipewa plasta, nikaacha kabisa. Mwanangu akaoa, nikarudia kwenye harusi. Nanyi je, ni mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza," fundi alisema. "Lakini sijavuta tangu Jumatatu."

Dereva alimwangalia. "Tangu Jumatatu," alisema polepole. "Mh. Na kipimo je?"

"Kipimo gani?"

Mlango ukafunguka, nesi akaita, na dereva akainuka akaingia. Alitoka baada ya muda mfupi na boksi mkononi. "Ishirini na mbili," alimwambia fundi akipita, akijipiga kifua. "Mapafu yanachapa kazi bado." Alicheka, akakohoa, akaenda zake.

Ndani kulikuwa na meza, kompyuta, na kifaa kidogo kama simu chenye mrija wa karatasi. Nesi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alisoma barua ya daktari wa mishipa, akauliza miaka ya kuvuta, akaandika, kisha akampa fundi kile kifaa.

"Vuta pumzi, ibane. Nikikwambia, puliza taratibu mpaka iishe. Kinapima moshi uliobaki kwenye pumzi yako."

Fundi alipuliza kwa bidii mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nesi aliangalia kifaa, akakitikisa, akabadilisha mrija, akamwambia arudie.

"Mbili," alisema.

"Mbili ni nzuri?" mke wa fundi aliuliza.

"Nzuri sana, mama," nesi alisema kwa sauti ya mtu anayetoa habari mbaya. "Ikiwa chini ya kumi, bima inahesabu huyu si mvutaji. Na asiye mvutaji halipiwi plasta."

Halafu fundi akatabasamu, maana alichosikia yeye ni neno moja tu.

"Mimi si mvutaji," alisema.

"Baba, ulivuta lini mara ya mwisho?"

"Jumatatu asubuhi."

"Nani alikwambia uache kabla ya kuja?"

Mke wa fundi alihisi masikio yakipata moto. Mumewe hakumwangalia.

"Hakuna," alisema. "Nilitaka tu kuja vizuri."

"Lakini barua ya daktari iko hapo," mkewe alisema. "Inasema anavuta. Na kidole si unakiona? Mvue kiatu uone."

"Naamini, mama. Lakini barua ni ya mwezi uliopita, na bima inaangalia pumzi ya leo. Watu walikuwa wanajiandikisha, wanachukua plasta, wanakwenda kuziuza. Ndipo wakaweka kipimo."

"Kwa hiyo anayevuta anapewa," fundi alisema, bila hasira, kama anayetaka kuelewa tu, "na aliyejitahidi hapewi."

"Sikuandika mimi, baba." Nesi aligeuza kompyuta kidogo wakaona. "Nikibonyeza hapa, imetumwa. Unakataliwa, na mfumo haukupokei tena mpaka miezi mitatu ipite."

Mke wa fundi aliitazama ile sehemu ya kubonyeza. Ilikuwa ya kijani. Aliwaza kidole cheusi, na vile vinne vilivyobaki, na miezi mitatu. Hakusikia uchungu wala hofu. Alisikia tu kwamba miguu yake imechoka, ingawa alikuwa amekaa.

"Sijabonyeza," nesi alisema. Aliondoa mkono kwenye meza. "Nitaita anayefuata. Mashine iko hapa mpaka saa nane mchana, nami nipo. Mimi ni nesi wa kuachisha sigara, mama. Siwezi kumwambia mtu akavute. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," mke wa fundi alisema.

*

Nje ya geti kulikuwa na ukingo wa saruji kando ya ukuta. Fundi alikaa, akanyoosha mguu mbaya, akafunga macho kwa sababu ya jua.

"Twende nyumbani," alisema.

"Na plasta?"

"Plasta za nini? Si umesikia mwenyewe, mbili. Nimeshatoka, mama Chiriku. Daktari wa mishipa anataka wiki sita bila sigara, basi. Hakusema lazima plasta. Nimeshaanza, acha niendelee."

"Mara ya mwisho ulifika siku ya nne."

"Mara ya mwisho mguu haukuwa hivi."

"Na mara ya kabla yake ulisema ni kwa ajili ya kifua. Na kabla yake kwa ajili ya mtoto. Kesho ndiyo siku ya nne, baba Chiriku. Ukirudia kesho, plasta hatuna, na mpaka tuzipate tena mguu umeoza."

"Chiriku ananikagua kila siku."

"Chiriku ni mtoto."

Fundi alifumbua macho. "Huniamini."

Hapo angeweza kumdanganya. Wake za watu hudanganya kwa mambo madogo kuliko hilo na nyumba zinasimama. Lakini mke wa fundi hakupata nguvu ya kupamba neno.

"Sikuamini," alisema. Alilisema kama anavyomwambia mteja kwamba doa halitoki.

Watu wawili walipita kati yao na geti, wakasalimia, wakaitikiwa. Fundi aliangalia viatu vyake kwa muda. Alikuwa amevipiga rangi asubuhi.

"Basi kanunue wewe," alisema. "Mimi sinunui."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda chenye dirisha la nondo. Mke wa fundi alisimama mbele yake asijue aanze vipi. Katika maisha yake alikuwa amenunua sabuni ya kutoa harufu ya sigara, pipi za kutoa harufu ya sigara, limau la kutoa harufu ya sigara, lakini sigara yenyewe hajawahi.

"Sigara moja ni bei gani?"

"Za kipimo?" muuzaji aliuliza. Alikuwa kijana mnene anayekula karanga.

"Umejuaje?"

"Mvutaji hutaja jina la sigara. Wa kipimo huuliza bei." Hakucheka. Hilo kwake lilikuwa biashara ya kila siku. "Ameacha siku ngapi?"

"Tatu."

"Chukua mbili, avute haraka haraka. Awe anameza moshi, asichezee mdomoni."

Alimpa mbili. Kiberiti cha gesi kilifungwa kwa kamba kwenye nondo, kamba fupi, maana wateja walikuwa wakiondoka nacho.

"Naomba nikipeleke pale mara moja."

"Mama, vimeshaondoka viberiti sita. Mlete mwenyewe awashe hapa."

Aligeuka. Fundi alikuwa palepale kwenye ukingo, amegeuza uso upande wa pili, na mkewe alijua piga ua hatainuka. Basi akaweka sigara kwenye midomo yake mwenyewe, akainama mpaka kichwa kikagusa nondo, akawasha. Moshi ulimpiga kooni akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Muuzaji alitazama karanga zake.

Alivuka barabara ameishika mbele yake, mbali na mwili. Fundi aliipokea.

"Umewasha kwa mdomo?"

"Kamba fupi."

Fundi aliishika kwa vidole viwili bila kuivuta, jivu likaanza kurefuka. "Nilishinda, ujue," alisema. "Siku tatu nilishinda."

"Vuta, baba Chiriku. Inaisha."

Akavuta. Na jambo ambalo mke wa fundi hakulitaka kuliona aliliona vizuri, kwa sababu alikuwa amesimama mbele yake akimkinga na wapita njia. Mabega ya mumewe, yaliyokuwa yamepanda tangu Jumatatu, yalishuka. Paji la uso likalainika. Pumzi ilitoka ndefu, na macho yakawa ya mtu aliyefika kwake. Hata siku Chiriku alipozaliwa hakumwona na uso ule. Alijua kwamba hilo lilipaswa kumuuma, lakini halikumuuma. Ya pili fundi aliiwashia kwenye ya kwanza, na mkewe akashika kola ili jivu lisiiangukie.

*

Kipimo kilisoma tisa.

"Kumi ndiyo mwanzo," nesi alisema akiangalia ukutani.

Wakatoka tena. Kutoka benchi mpaka geti fundi alichechemea, mguu ulikuwa umeanza kumchoma, na watu wa kwenye benchi walimwangalia mzee mwenye shati safi anayeingia na kutoka. Kule kibandani muuzaji alimwona mke wa fundi akija, akatoa moja kabla hajafungua mdomo. Safari hii aliwasha bila kukohoa.

Kipimo kilisoma kumi na tatu. Nesi akabonyeza pale penye kijani, wakangoja kidogo, kompyuta ikalia.

"Umekubaliwa," nesi alisema. "Hongera." Lilimtoka kwa mazoea, na alipolisikia akajishughulisha na droo. Alitoa boksi la kwanza, akaeleza: moja kila asubuhi, mkono huu, kesho mkono ule, mahali pasipo na nywele, aje kila baada ya wiki mbili kupimwa. "Siku yako ya kwanza ya kuacha ni kesho, baba."

"Na zile tatu?"

"Hizo hatuziingizi. Mfumo unaanza kesho."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Mkewe ndiye aliyelibeba boksi.

Wakaondoka. Fundi aliuliza kama kuna unga nyumbani, mkewe akasema upo. Walipokaribia mtaa wao fundi alisimama, akafungua vifungo vyote vya shati, akalipungapunga hewani kama anayelikausha.

"Acha," mkewe alisema. "Haitoki hivyo."

Chiriku alikuwa mlangoni bado na sare ya shule, mkono umeshanyooshwa.

"Kola," alisema. "Mmepewa dawa? Rafiki yangu anasema ni kama bandeji, mimi nikasema si bandeji, ni plasta, mama ulisema plasta, kuna rangi gani? Baba, kola."

"Leo niache, mama," fundi alimwambia binti yake.

"Hakuna kuacha. Kola."

Fundi aliinama. Mtoto aliingiza pua, akaitoa. Aliingiza tena, kama mtu anayehakikisha kwamba mlango kweli umefungwa. Halafu akarudi nyuma.

"Ni mimi niliyemnunulia," mke wa fundi alisema. "Ilibidi avute ndipo wampe dawa. Angekwenda bila kuvuta wasingempa."

Mtoto alimtazama mama, akamtazama baba, akatazama boksi. Alisogea akainusa mikono ya mama yake, kisha akanyanyua uso karibu na mdomo wake. Mama hakujua kwa nini hakugeuka.

"Na wewe," Chiriku alisema.

"Niliwasha tu."

Mtoto aliondoka mlangoni, akaingia ndani, akafungua daftari lake. Jioni ile yote hawakumsikia. Mke wa fundi alipika, akapakua, akasikia vijiko, na akashangaa jinsi nyumba ilivyo ndogo isipokuwa na maneno.

Asubuhi alimbandika mumewe plasta ya kwanza kwenye bega la kushoto. Aliifuta ngozi, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika, kama nesi alivyosema. Fundi alikaa ametulia kama mtoto anayenyolewa.

"Inawasha?"

"Kidogo."

"Itazoea."

Akaenda kwenye makochi yake, naye akaenda kwenye pasi zake. Mchana mzima mke wa fundi alinyoosha mashuka ya watu wa hoteli, mengi, meupe, na hakuwaza kitu.

Jioni Chiriku alikuwa mezani na hesabu zake. Mama alikuwa anamenya viazi. Walisikia hatua za fundi, ule mguu mmoja ukiburuzwa, kisha mlango ukafunguliwa. Fundi hakuingia. Alisimama kizingitini, akainama kidogo, akafungua kifungo cha juu, akashika kola kwa vidole akaiweka wazi.

Chiriku aliandika namba, akaifuta, akaandika nyingine. Hakuinua kichwa.

Fundi aliendelea kusimama hivyo. Kwa uwazi wa shati ilionekana pembe ya plasta. Mkewe alingoja, kisha akaweka kisu chini, akajifuta mikono, akamwendea. Akasogeza pua shingoni mwake. Alijua kazi yake, hakuna aliyemzidi kwa hilo. Kulikuwa na gundi, jasho, vumbi la sponji, na chini kabisa harufu ya plasta mpya. Sigara haikuwapo.

"Safi," alisema.

Fundi alifunga kifungo.

"Sikukuuliza wewe," alisema, akapita.